Mbogo Aliyevutwa kwa Uzi wa Mgomba

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo fisi alikuwa na genge la kuuzia tumbaku na nyati alikuwa na kiko, palikuwa na mzee mmoja wa ukoo wa nyati akiitwa Mbogo. Sogeeni, msisukumane. Habari zake zinataka masikio yote mawili.

Mbogo alikuwa mkubwa, jamani! Akipita nje, vyungu vya jikoni vinagongana vyenyewe. Na alikuwa na jambo moja la kujivunia, halimtoki kinywani.

"Binamu yangu ng'ombe huvutwa kwa kamba," alipenda kusema. "Asubuhi huvutwa malishoni, jioni huvutwa zizini. Lakini nyati? Thubutu! Nyati havutwi. Hajazaliwa wa kumvuta nyati."

Akishasema hivyo hushindilia tumbaku kwenye kiko, akawasha, akavuta. Fuuu! Moshi ukapanda. Halafu: koho! koho! koho! Kifua kikalia kama mlango wa ghala.

Kikohozi hicho hakikuwa mchezo. Ukoo wa Mbogo ulikaa bondeni, na kila kiangazi mto ulipokauka walipanda mlima kufuata chemchemi iliyokuwa juu. Desturi yao ni kwamba kiongozi, naye ndiye Mbogo, hutangulia. Akisimama, kundi zima husimama, hapiti mtu. Sasa katikati ya mlima palikuwa na kona nyembamba ya mawe, na simba waliijua kona ile kuliko walivyojua majina ya watoto wao. Mwaka uliopita Mbogo alisimama pale mara tatu kukohoa. Mara ya tatu simba wakaruka. Chaurembo, binti yake mdogo, alinusurika na kovu refu mgongoni.

Na mwaka huu mto umeshaanza kubaki madimbwi. Zimesalia siku chache wapande.

Kuacha alijaribu, msije mkamwonea bure. Mara ya kwanza alikitupa kiko mtoni, akajisifu kutwa nzima. Jua halijatua, yumo majini mpaka puani anapapasa matope. Mara ya pili alimpa mkewe, Mama Chaurembo, akifiche. Kesho yake alipindua mitungi, akavunja vyungu viwili, akamnunia maskini mkewe, mwisho akakikuta ndani ya kinu. Mara ya tatu ndiyo hii ninayowasimulia.

Alikaa mlangoni kwake, kichwa chini, midomo imening'inia. Kila apitaye alimpa habari ile ile.

"Naacha, jamani. Najinyima. Raha yangu moja tu duniani, nainyima nafsi yangu. Nihurumieni."

Mara akasikia kilio kinakuja njiani. "Uuuwi! Uuuwi! Msiba huu!"

Alikuwa Digidigi, kwato kichwani, analia machozi makavu. Digidigi mnamjua: mwili wa kuingia kikapuni, macho makubwa kuliko uso. Yeye na Mbogo walikuwa watani tangu mababu zao. Na mtani, wanangu, anaweza kukucheka hata matangani, akakwambia lile lililowashinda ndugu zako kukwambia. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe.

"Shikamoo, babu. Pole na msiba. Nani katutoka?"

"Marahaba, kisisimizi wewe. Hajafa mtu. Naacha tumbaku."

"Ala! Na mbona umekaa matanga?"

"Kwa kuwa nilimpenda."

"Basi alikuwa mwema sana marehemu. Alikulimia shamba? Alikuuguza ulipougua?"

"Alimpa kikohozi!" Mama Chaurembo akadakia kutoka jikoni.

Mbogo akasikia hasira, kisha aibu, kisha hamu. Na hamu ikazishinda zote mbili, maana anayejiona kanyang'anywa haachi kutafuta njia ya kurudishiwa. Akaguna, "Basi nitavuta moja tu. Moja ya kuagana. Baada ya hapo, naapa..."

"Vuta, babu, nani kakukataza?" akasema Digidigi. "Lakini kabla hujavuta, tuvutane kwanza mimi na wewe."

"Tufanye nini?"

"Tuvutane. Nasema hivi: naweza kukuvuta kutoka mlangoni hapa mpaka kwenye genge la Fisi. Na nitakuvuta kwa huu." Akauinua juu uzi wa mgomba, mkavu, mwembamba, ambao hata kuku angeukata akipita.

Mbogo akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Majirani wakatoka majumbani kuuliza kuna nini.

"Njooni mwone!" Mbogo akawaita. "Kidudu hiki kinataka kunivuta mimi! Haya, na ukishindwa?"

"Nitakuchotea maji mpaka siku ya kufa kwangu. Lakini ukishindwa wewe, utawaambia hawa wote kwa kinywa chako kama wewe ni nyati au ni ng'ombe."

"Funga!" akafoka Mbogo. "Funga hata sasa hivi!"

Digidigi akaufunga uzi kwenye ncha ya pembe, akashika ncha ya pili, akaenda kukaa kivulini. Mbogo akachimbia kwato zake nne ardhini. Tifu! tifu! tifu! tifu! Akakaza shingo. Akangoja.

Akangoja wee. Uzi umelala chini, umelegea.

"Vuta basi!"

"Navuta, babu."

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndivyo ninavyovuta mimi. Taratibu."

Jua likapanda. Digidigi anatafuna majani yake, macho anayafumba, anayafumbua. Ngiri, aliyekuwa mbele ya watazamaji, akaanza kupiga miayo. Lakini Mbogo hakuwa akimtazama Ngiri. Ilikuwa imefika saa yake ya kiko. Hamu ilianza kwenye ulimi, ulimi ukawa mkavu. Ikapanda puani. Ikashuka magotini, magoti yakaanza kucheza. Akawaza, "Huyu nimeshamshinda. Tazama amekaa tu, hana nguvu. Na mshindi hakosi kustahili moja, moja tu, ya ushindi."

"Mtani," akasema, "tupumzike kidogo. Nafika kwa Fisi mara moja kuvuta, halafu narudi tuendelee."

"Haya, babu," akasema Digidigi. Akainuka, akaushika uzi kwa meno, akatangulia. Tiki, tiki, tiki.

Mbogo akafuata nyuma. Tifu, tifu, tifu.

"Yallah!" Ngiri akapiga kelele. "Mbogo anavutwa! Anavutwa kwa uzi!"

Watoto wakatoka mbio, kina mama wakaacha mawe ya kusagia. Mbogo alisikia vicheko lakini alidhani wanamcheka Digidigi, mshinde asiyejua ameshindwa. Moyo wake ulikuwa umeshafika gengeni. Ulikuwa umeshakaa.

Fisi alikuwa mlangoni, kazungukwa na vibuyu vya maziwa. Ndiyo biashara yake: kibuyu kimoja cha maziwa ya Mama Chaurembo kwa donge moja la tumbaku. Alipouona ule uzi, akashika mbavu.

"Kwi! kwi! kwi! Umeniletea ng'ombe wangu, Digidigi? Siku zote huja mwenyewe, leo kaletwa! Lete huo uzi nimfunge hapa hapa, nisipate taabu ya kumngoja kila asubuhi."

Akanyoosha mkono.

Mbogo akatazama. Akauona uzi unatoka kwenye pembe yake, unashuka, unaburuzika vumbini, unapanda mpaka kinywani mwa Digidigi. Umelegea. Haukuwa umekazika hata mara moja, njia nzima.

Digidigi akautema. Hakucheka, na siku ile angeweza kucheka atakavyo.

"Babu, mimi sikukuvuta. Nilitangulia tu, kwa sababu najua unakokwenda. Sasa niambie, nami sitakuuliza tena. Umekuja hapa kuvuta, au umevutwa?"

Mbogo akasikia masikio yanamwaka moto. Miaka yote ile alidhani yeye ndiye mvutaji! Asubuhi huvutwa gengeni, mchana huvutwa gengeni, jioni huvutwa gengeni, na maziwa ya mtoto wake juu. Ng'ombe angalau huvutwa kwenda kwenye majani.

"Nimevutwa," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akageuka kwa majirani, akaipandisha sauti mpaka vibuyu vya Fisi vikatikisika. "Nimevutwa! Mimi Mbogo! Nilisema sivutwi, kumbe mimi ni ng'ombe wa Fisi!"

Mimi, wanangu, hapo ndipo ninapompenda Mbogo. Wangapi wangesema jua lilikuwa kali? Wangapi wangesema, nilimwonea huruma Digidigi, nikajifanya navutwa? Mnyama mkubwa kama nyumba, mbele ya watoto, akalisema neno lile lote bila kulimeza nusu.

Halafu akainua kichwa. Hakutumia nguvu, alikiinua tu.

Pwi! Uzi ukakatika.

"Babu, wapi tena?" Fisi akaruka. "Kuna donge jipya hapa, kali! Hili nakupa bure!"

Mbogo alishika njia ya nyumbani, na majirani wakampisha kwa heshima.

Mama Chaurembo alipomwona anarudi bila moshi, akaanza kuficha vyungu. "Mume wangu, umeacha tena?"

"Sijaacha kitu," Mbogo akamjibu. "Nimekata kamba."

Msidhani hamu haikuja. Ilikuja, njia ilikuwa inaijua. Kesho yake asubuhi ilikuja na ukali wake wote, ikampanda puani, ikamshuka magotini. Zamani angekaa chini na kujililia kwamba kanyimwa raha. Safari hii alisimama mlangoni akacheka.

"Umekuja na uzi wako? Rudi nao. Anayefungwa hayupo."

Akazunguka boma, jasho linamtiririka, mara moja, mara ya pili, mara ya nane, mpaka hamu ikachoka ikaondoka. Siku iliyofuata ikarudi, akaicheka tena. Kila ilipokuja alikumbuka mkono wa Fisi ulionyooshwa, naye hakuona anachokililia. Baada ya siku kumi ilikuwa inachungulia tu, kama mgeni aliyekaribishwa bila kupewa kigoda.

Siku ya kupanda mlima ikafika. Mbogo mbele, kundi nyuma, Chaurembo katikati, na Digidigi miguuni mwa wote, maana yeye naye alikuwa na kiu. Wakapanda. Tifu, tifu, tifu. Wakaikaribia kona ya mawe. Juu ya mawe yalionekana masikio. Masikio ya mviringo, mengi.

Na katikati ya kona, nani huyo? Fisi! Kakaa kando ya njia, kashika kiko kilichokwisha washwa. Mnamjua Fisi: simba wakila, yeye hula kinachobaki.

"Karibu, babu!" akasema kwa sauti ya asali. "Umechoka, mzee wa watu. Simama kidogo ushushe pumzi. Moja tu. Moja haina neno."

Moshi ukamfikia Mbogo puani. Nyuma yake kundi zima likabana pumzi. Mama Chaurembo akamsogeza mtoto ubavuni. Mbogo akaisikia ile harufu, naam, akaijua, wala hakujidanganya kwamba haijui. Lakini kwato zake hazikupunguza mwendo.

"Fisi," akasema huku anakwenda, "umekosea mtu. Ng'ombe wako hayumo katika kundi hili."

Akampita. Fisi akaruka pembeni asikanyagwe, kiko kikamponyoka, kwa! Kundi likapita juu ya kiko hicho, kwato kwa kwato, pembe kwa pembe, bila nafasi hata ya kupenyeza mkia. Simba wakatazama wa kwanza mpaka wa mwisho, wakaramba midomo mitupu.

Juu ya mlima, chemchemini, Mbogo akavuta hewa, hewa tupu ya mlimani, akajaza kifua, akanguruma. "Mbuuuuuu!" Mlio ukaenda bondeni ukarudi. Wote wakasubiri koho. Haikuja. Chaurembo akapiga kelele za furaha, akatumbukia majini na kovu lake.

Mbogo akainama mpaka uso wake mkubwa ukafika usawa wa uso mdogo wa Digidigi.

"Mtani, nieleze. Siku ile pale kivulini ulikuwa umetulia kabisa. Ulijuaje kwamba nitainuka kwenda kwa Fisi?"

Digidigi akachezesha kwato mchangani.

"Sikutulia, babu. Nilikuwa nimefumba macho namwomba Mungu usiinuke, hata kama ningekuchotea maji maisha yangu yote."

Mbogo mkubwa, kiongozi wa ukoo, akamlamba utosini, hata yule mdogo akaanguka chali, na wote wawili wakacheka hadi wakaingia majini.

Ndiyo hivyo, wanangu: ajionaye kanyimwa raha huirudia, bali ajuaye kafunguliwa kamba hageuki nyuma.