Shore na Mbegu za Pilipili Mwitu

Paukwa, mliokaa na mliosimama!

Pakawa!

Hapo kale, kale ya wanyama kusema, Shore alijenga kiota bondeni. Akataga. Nyani akaja, akayala mayai yote mbele ya macho yake, akajilamba vidole.

"Ahsante, mama. Mwakani usininyime."

Shore alilia hadi sauti ikamkauka. Kisha akakumbuka pilipili mwitu ng'ambo ya mlima. Ndege huzila wasiwashwe, lakini Nyani hazigusi mara mbili. Akaruka, akarudi na mbegu azipande kukikinga kiota.

Akamwendea Fuko. "Kaka, wewe ni mtu wa udongo. Nizipandeje?"

"Zika chini kabisa," Fuko akasema. "Mbegu hulala gizani, kama mimi."

"Huko chini hakuna baridi, kaka?"

"Ndege wewe! Wayajua wapi ya chini?"

Shore akazika chini kabisa. Mvua ikanyesha, mvua ikakatika. Hakikuota kitu. Akataga. Nyani akaja, akala, akajilamba vidole.

"Ahsante, mama. Mwakani usininyime."

Shore akaruka tena ng'ambo, akarudi na mbegu. Akamwendea Chura chemchemini.

"Zipande hapa kwangu," Chura akasema. "Jua halifiki, maji hayakauki. Wataka nini tena?"

Shore akapanda kivulini, kwenye tope la baridi. Mbegu zikavimba, zikaoza. Akataga. Nyani akaja, akala, akajilamba vidole. Safari hii hata ahsante hakusema.

Mara ya tatu Shore aliruka kwa shida, mbawa zimechoka, akarudi na mbegu. Akamkuta Mjusi juu ya jiwe.

"Shoga, nifundishe kupanda pilipili."

"Mie sijui kupanda," Mjusi akasema. "Ila kule ng'ambo nimeziona zikichipua. Huchipua palipo wazi, udongo ukishapata joto. Hazikuwa chini, zilifunikwa na vumbi tu."

Shore akatafuta mahali penye jua, akazifunika kwa udongo mwembamba, mwanga uzifikie. Ardhi ikapata joto. Siku moja asubuhi akaona majani mawili, madogo kama ulimi wa kifaranga. Yakawa mche, mche ukawa kichaka, kichaka kikawa chekundu kwa pilipili.

Nyani akaja. Akaparamia, akachuma konzi nzima, akatafuna, akajifuta macho kwa vidole vile vile. Mayowe! Alikimbia akijigonga kwenye miti, na bondeni hakuonekana tena.

Ndege wakashangilia. Shore wachanga wakajenga ndani ya kichaka, wakataga, wakaangua.

Yeye mwenyewe akajenga, akangoja. Hakutaga. Umri wa kutaga ulikuwa umempita.

Fuko akachungulia kutoka shimoni. "Dada! Si nilikwambia pilipili itaota?"

Shore akamtazama sana.

"Zako zingali zimelala, kaka," akasema. "Na wanangu pia."

Fuko akarudi chini. Hakuna aliyemwendea tena kwa shauri, wala yeye hakutoka tena mchana.

Basi, wenzangu, mbegu haioti kwa maneno ya mwenye kiburi. Huota ikipata joto lake na mwanga wake. Usiyejua, sema sijui. Ushauri wa kubahatisha hulipwa na watoto wa mwenzio.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni; ikiwa kali, niachieni mimi na maji yangu.