Samadari kwa Godoro Moja

Ndugu zangu, na nyinyi kina mama mlio nyuma ya pazia, sogeeni mnisikie vizuri. Leo sitawagombeza. Ijumaa iliyopita niliwagombeza vya kutosha, nikaona hata viatu mlivivaa kwa haraka mkatoka. Leo nataka tufurahi kidogo, halafu katika kule kufurahi kila mtu ajitazame.

Kulikuwa na mume na mke, hapa hapa mkoani kwetu Tanga, kazi yao ilikuwa kutafuta vitu vya kale na kuviuza tena. Watu waliwaita Baba Shani na Mama Shani, kwa jina la binti yao aliyeolewa Korogwe. Kazi hiyo wengine mnaijua. Unapita vijijini unauliza: mna saa ya ukutani ya babu? Mna dele la kahawa la shaba? Mna redio ya mbao iliyokufa? Unanunua, unasugua, unapaka mafuta, kisha unawauzia wenye mahoteli na watu wa mjini wanaotaka sebule zao zifanane na za wazee wetu. Majirani waliwacheka. "Hao wamekwenda tena kuokota," walisema.

Lakini wenyewe, jamani, walikuwa na raha! Asubuhi wanawasha guta lao, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Mume mbele anaimba, mke nyuma na chupa ya chai na vitumbua. Guta likizima mlimani, mke anashuka kusukuma, anacheka mpaka nguvu zinamwisha, na mume anapiga kelele, "Mama Shani, sukuma kwanza, utacheka tukifika juu!"

Biashara ile ilikuwa na sheria moja: ukiona kitu kizuri, uso usionyeshe. Maana siku za mwanzo mke aliona kasha la zamani lenye nakshi za shaba, akapiga kigelegele mbele ya mwenye kasha. Mnadhani bei ilibaki pale pale? Tangu siku hiyo wakawekeana ishara. Atakayeona kitu cha maana, akohoe. Basi.

Ikawa mwenye hoteli mmoja akawaambia anataka samadari. Vijana hamuijui. Ni kile kitanda kirefu cha wazee, nguzo nne, nakshi kila mahali, na kichwani vioo vilivyochorwa maua. Kukipanda unataka kigoda. Yule bwana aliahidi malipo ambayo yangewawezesha kuachana na guta na kununua gari dogo la mizigo, kuukuu, lakini lenye paa. Wakaitafuta samadari msimu mzima. Walikuta miguu yake bila kitanda, walikuta vioo bila mbao, walikuta moja imeliwa na mchwa hata ukiipulizia inamwagika unga.

Siku moja wakavuka mto Pangani kwa kivuko, na guta, kama kawaida yake, likazimika mbele ya nyumba ya bibi mmoja, Bi Mwanahawa, mjane, anaishi peke yake na kuku wake. Bibi akatoka.

"Hodi haipigwi barabarani wanangu, ingieni. Hicho chombo chenu kimechoka, na nyinyi mmechoka."

Akawakaribisha ndani wanywe maji. Na mle chumbani, ndugu zangu, chini ya lundo la nazi, na magunia, na kuku mmoja aliyekuwa akiatamia mayai, ilikuwapo samadari. Nzima! Nguzo zote nne, vioo vyote, maua mekundu na bluu yanachungulia katikati ya nazi.

Mke akakohoa. Mume naye, papo hapo, akakohoa. Mke akakohoa tena kuonyesha kwamba ameona. Mume akakohoa kuonyesha kwamba ameona kuwa ameona.

Bi Mwanahawa akawatazama kwa huruma. "Masikini, kifua kimewapata wote wawili?" Akaenda jikoni, akawachemshia tangawizi na ndimu, akasimama juu yao mpaka wakamaliza vikombe.

Baadaye mume akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Bibi, hicho kitanda unalalia?"

"Lile dude?" bibi akacheka. "Lilikuwa la mkwe wangu. Mume wangu alipofariki nikaona halina kazi, nikaweka nazi. Mwanangu alisema alipasue kuni, tena shoka likamvunjikia. Mimi nalala hapa chini, kwenye mkeka. Ila siku hizi mgongo unanisumbua."

"Ukipata mtu wa kukuondolea, utataka nini?"

Bibi akafikiri. "Anipe godoro. Lile la sponji, jipya, liwe na nailoni yake. Nilitandike hapa chini nilale kama watu."

Godoro moja! Mume akakanyaga mguu wa mke. Wakakubaliana, wakaaga, wakasukuma guta mpaka likawaka. Njiani mke hakuimba wala hakucheka.

"Mama Shani, mbona kimya? Gari limepatikana!"

"Nimesikia."

"Bei kaisema mwenyewe. Tumemdanganya wapi?"

"Hujamdanganya," mke akasema. "Endesha."

Haya, nawauliza nyinyi. Walimdanganya? Hawakusema neno moja la uongo. Waliuliza, wakajibiwa. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Msinijibu haraka, najua mko msikitini.

Kesho yake wakarudi na godoro. Walichagua zuri, nene, la maua, maana dhamiri ikianza kumwasha mtu hununua kitu kizuri kidogo ili ajikune. Bi Mwanahawa alipoliona juu ya guta alitoka mbio, na mgongo wake ule ule. Akalinusa. Akaipapasa nailoni. Akawaita majirani waje waone. Kisha akawashika mkono, mmoja huku mmoja kule, akawaombea dua.

Na mnazijua dua za bibi zetu. Haziishi! Akawaombea uzima, akawaombea riziki, akamwombea Shani wa Korogwe ambaye hajawahi kumwona, akaliombea hata guta. "Ya Rabi, watu hawa wamenihurumia mimi mkongwe, wamekubali kuniondolea takataka yangu na wamenipa godoro, nawe wahurumie hivyo hivyo kama walivyonihurumia..."

"Bibi," mume akasema. "Simama hapo kwanza."

Mke akamgeukia. Katika miaka yao yote ya biashara, mumewe ndiye aliyekuwa mgumu, ndiye asiyeongeza hata shilingi.

"Usituombee hivyo," mume akasema. "Mungu akituhurumia kama tulivyokuhurumia wewe, tumekwisha. Kitanda hicho si takataka. Katika pwani yote hii tumekitafuta kizima kama hicho tumekikosa. Mtu anayekijua atakupa magodoro ya kujaza nyumba hii, na bati jipya juu yake."

Bibi akaiachia mikono yao. 

"Mlijua hayo tangu jana?" bibi akauliza.

"Tangu jana."

"Mkanywa tangawizi yangu, mkanyamaza."

"Tukanyamaza, bibi."

Bi Mwanahawa akaingia ndani. Mke machozi yakamlenga, akasema moyoni, ameudhika, atatufukuza, na haki yake. Mara wakasikia, pwa! Nazi imetupwa uani. Pwa! Nyingine. Gunia likafuata. Kuku akatoka anapiga kelele na manyoya yanaruka.

"Mmesimama nini?" bibi akaita kutoka ndani. "Njoni mtoe nazi!"

Wakaingia, wakatoa nazi, wakafuta vumbi. Mke akachukua kitambaa na mafuta ya nazi, akasugua nguzo moja moja mpaka mbao ikang'aa nyeusi, na vioo vikawaka chumba kizima. Majirani wakajazana mlangoni. Mume, mfanyabiashara ni mfanyabiashara, akaona mambo yanakwenda vizuri, akasema kwa adabu:

"Basi bibi, utuuzie sisi? Kwa bei ya haki, nawe ujue kila kitu."

"Nani kasema nauza?" bibi akamkata. "Wewe si umeniambia sasa hivi pwani nzima hakipo kingine? Mimi nimelala chini miaka yote hii, kando ya kitanda cha kifalme, kitandani nimelaza nazi! Leteni godoro hapa. Juu!"

Wakalipandisha godoro juu ya samadari. Wakamwekea kigoda. Bi Mwanahawa akapanda, akaketi katikati, akanyoosha miguu, akajifunika kanga yake vizuri, akatazama maua ya kioo kichwani pake. Halafu akacheka. Alicheka kama bibi harusi. Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akaanza ngoma kwa kupiga debe, na siku ile hapakuwa na harusi wala maulidi, ilikuwa siku ya kawaida tu, lakini kijiji kilicheza. Godoro bibi hakulichukua bure. Alilijaza guta nazi mpaka matairi yakabonyea.

Wakaondoka. Kitanda hawana, gari hawana. Wana nazi. Guta likazima kwenye kilima cha kwanza kabisa, na Mama Shani akashuka kusukuma, na safari hii alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Mume akaja akakaa kando yake.

"Nimekuwa mjinga?" akauliza.

"Umenipendeza," mke akasema. "Kuliko siku uliyonioa."

 Mume akaokota kijiti, akachora chora mchangani. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niwaletee habari hii leo.

"Mama Shani, mjini wote wanasema mimi nina jicho la kutambua vitu vya thamani. Mimi sina jicho. Vitu vyote vya maana tulivyowahi kupata, wewe ndiye uliyeviona kwanza. Mimi nabeba tu na kuongea. Nimelijua hilo tangu mwanzo wa biashara yetu. Sikukwambia."

"Kwa nini?"

"Niliogopa ukijua, utataka nikusikilize."

 Mke akasimama, akakung'uta vumbi. "Haya, nimejua. Kuanzia leo naendesha mimi, wewe sukuma."

Na akaendesha! Mpaka kwenye kivuko, mume nyuma amekalia nazi, watu wanashangaa. Mwenye hoteli alipata kitanda chake kwingine, na wao gari hawakulinunua mwaka ule. Lakini biashara iliendeshwa na mwenye jicho, na mumewe hakuona haya kusema hivyo mbele za watu.

Habari imekwisha, ila mimi sijamaliza.

Tunamwogopa mwizi anayevunja mlango. Je, mwizi huyu mwingine tunamjua? Havunji kitu. Hasemi uongo. Anajua thamani ya kitu, mwenye nacho hajui, basi ananyamaza ili akipate kwa rahisi. Na laiti ingekuwa vitanda tu! Ndugu zangu, ni watu. Sisi tunajua thamani ya watu, tukanyamaza ili tubaki nao kwa bei ya godoro.

Wewe bwana, unajua kabisa nyumba yako imesimama kwa akili ya mkeo. Umemwambia lini? Humwambii, eti atapanda kichwa. Mama, binti anayekusaidia kazi nyumbani amekulelea watoto, wanamlilia yeye kabla yako. Unajua akiondoka leo, kesho hutoki nje. Lakini kila siku unamwambia hata chai hajui kupika, asije akajua akadai. Na nyinyi kina mama, mmecheka habari za waume, haya, huyo anayetoka alfajiri na kurudi amechoka, mmewahi kumwambia mnamwona? Au mmenyamaza asije akabweteka?

Mwenyezi Mungu amemuumba mtu huyo kwa heshima yake. Nani aliyekupa ruhusa ya kumfunika kwa magunia, ukamwacha alale chini kando ya kitanda chake mwenyewe?

Mtasema, nikimwambia, nitampoteza. Pengine. Baba Shani alipoteza samadari. Lakini nendeni mkamuulize kama aliwahi kurudi nyumbani na mzigo mzuri kuliko ule wa nazi na mke anayecheka mbele ya guta.

Nasikia mnacheka huko nyuma ya pazia. Chekeni, leo nimeruhusu. Ila mtu asitoke hapa akaenda kusimulia habari ya Bi Mwanahawa kabla hajafanya jambo moja. Mtu wa kwanza utakayemkuta kwako leo, mwambie unachojua juu yake. Usisubiri augue. Usisubiri tuje kulisema sisi juu ya jeneza, yeye hasikii. Mwambie akiwa amesimama, ana mwiko mkononi, au anatafuta viatu vyake. Atashangaa. Atakuuliza umekula nini. Mwambie tena.

Nendeni. Mola awafikishe salama majumbani, na awafungue midomo kabla hamjavuka kizingiti.