Nani Alale Chumba cha Juu?

Sogeeni karibu. Mwenye shughuli akaimalize kwanza, maana hadithi hii haitaki msikilizaji wa nusu. Mimi nitaibeba mpaka mlangoni. Kuingia ndani ni kazi yenu.

Palikuwa na watu watatu wa familia moja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Gwantwa. Yeye alijaliwa pua. Akipita nje ya jiko la mtu, alijua kama maharage yametiwa chumvi au bado. Maziwa ambayo wenzake walikuwa wakiyanywa na kuyasifu, yeye alisema, "Haya kesho hayafiki," na kweli hayakufika.

Wa pili ni Lwitiko. Kwa Kinyakyusa jina hilo maana yake ni imani, na watu walicheka kila walipolitaja, kwa sababu Lwitiko hakuamini kitu. Kipaji chake kilikuwa shaka. Ukimwambia kumekucha, alichungulia nje kwanza. Mtu akizungumza naye, aliyasikiliza maneno huku akitazama miguu ya msemaji imeelekea wapi.

Wa tatu ni Asajile, dereva. Huyu alijaliwa mgongo. Akikaa kwenye usukani, gari lote lilikuwa kama mwili wake mwenyewe. Nati ikilegea kule nyuma, yeye aliihisi kiunoni.

Wote hao walikuwa watu wa Mama Sekela. Gwantwa ni binti yake. Lwitiko ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Asajile ni mdogo wake wa tumbo moja. Mama Sekela aliwapikia wajenzi wa barabara upande wa Chunya, nao watatu walimsaidia: Gwantwa kwenye masufuria, Asajile kwenye pikapu aliyoiacha marehemu, na Lwitiko alilinda vyombo na kugombana na waliokula bila kulipa.

Kazi ya kuwapikia wajenzi wa barabara ina taabu moja: barabara inakwenda mbele, nawe lazima uifuate. Kila kambi ilipohama, Mama Sekela aling'oa nguzo zake, akakunja turubai, akaenda kusimika kibanda kingine. Masika moja upepo ulichukua lile turubai lote. Mtoto mchanga wa Gwantwa alilowa, akashikwa na homa ya mapafu. Hospitali walimwokoa, ila kikohozi hakikumtoka. Mama Sekela alipomrudisha kambini alisema, "Kibanda sijengi tena. Nitalala chini ya pikapu kama fundi, lakini kibanda sijengi."

Ndipo Asajile akaleta habari.

"Dada, Uyole kuna nyumba ya magurudumu inauzwa. Tena si lile tela la kufungwa mkiani. Hili shingo yake inapanda juu ya bodi ya pikapu, inakaa kwenye sahani ya chuma katikati. Madereva wanaiita gurudumu la tano. Uzito wa shingo unakaa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu, kwa hiyo haliyumbi njiani. Ndani kuna jiko, kuna vitanda, na ile shingo kule juu ni chumba kizima chenye mlango wake. Tukifika kambini tunalifungua tu, pikapu inabaki huru kwenda sokoni."

"Na viazi?" akauliza Lwitiko. "Na mkaa? Bodi yote si itakuwa imeliwa na hiyo shingo? Siku ya kuhama magunia utayaweka wapi?"

"Ndani ya tela, kaka."

"Ndani ya nyumba ya kulala. Haya. Na urefu wake je? Matawi, nyaya za umeme? Sisi tunakaa kwenye barabara ambayo haijajengwa bado, kona zake hata mbuzi anakata kwa kufikiri. Na siku ya kuteremka mlima na nyumba mgongoni, ni wewe utakayeishika nyumba au nyumba itakushika wewe?"

"Pikapu ya marehemu ilivuta viazi tani na tani. Itaweza."

"Kuvuta sikuulizi. Nakuuliza kusimama."

Gwantwa alikuwa akimbembeleza mtoto. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba mdogo, umetaja matawi na nyaya. Mvua hujaitaja."

Kesho yake wakaenda Uyole wote, na mtoto mgongoni.

Mwenye tela aliitwa Zefania. Alikuwa na shati lililopigwa pasi vizuri na sauti ya kubembeleza wagonjwa. Alimwita Mama Sekela "mama yangu" kabla hajajua jina lake. Aliwaagizia chai. Tela lenyewe lilikuwa jeupe, linang'aa kama jino la mtoto. Akaeleza kwamba lilikuwa la wazee wawili waliokuwa wakisafiri nalo kutoka kusini, wakaugua, wakapanda ndege kurudi kwao.

"Nawahurumia wazee hao tu, mama yangu, ndiyo maana sijalitoa kwa bei ya kutupa. Yupo mtu wa Tunduma, anakuja mchana huu. Lakini wewe umewahi."

Mama Sekela aliingia ndani. Akafungua bomba, maji yakatoka. Akapanda ngazi fupi mpaka chumba cha juu, akakaa kitandani, akatazama dirishani. Aliporudi chini, mkono wake ulikuwa tayari umetoa fedha alizofunga kwenye pindo la khanga.

"Mama, ngoja," akasema Gwantwa.

Humo ndani mlinukia limau na rangi mpya. Chini ya limau, Gwantwa alisikia harufu nyingine, ya ghala lililovujiwa. Aliifuata taratibu, akapanda ngazi, akainama pembeni mwa dirisha lile lile la juu. Akabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa.

"Aa, hapo!" Zefania akacheka. "Dirisha lilisahauliwa wazi mvua ya juzi. Basi, mama yangu, kwa ajili ya hapo nakupunguzia." Akataja bei ya chini, chini hasa.

Fedha zikarudi kwenye pindo. Na hapa mniangalie vizuri, kwa sababu sitaki mseme baadaye kwamba nilimficha mtu. Aliyetaka fedha zitoke tena alikuwa Gwantwa huyo huyo. Mtoto alikohoa, naye akasema, "Ukuta unatengenezeka, mama. Fundi atabadilisha ubao siku moja. Tusiliache."

Lwitiko hakuwa amekunywa chai yake.

Bei iliyoshuka haraka namna ile ilimkera. Mtu anayepunguza bei ya mali yake huumia japo kidogo usoni, huyu hakuumia. Halafu aliuliza tena habari za wazee wawili, na safari hii Zefania akasema mzee alifariki na mke ndiye aliyeondoka. Tena Lwitiko aliona jambo jingine. Tangu walipofika, Zefania alikuwa akizunguka nao kila upande, lakini kila aliposimama, alisimama mahali pamoja: mbele, bega lake likiwa limeegemea shingo ya tela kama mtu anayemwegemea rafiki.

"Sogea kidogo, ndugu yangu, nione hapo."

Zefania akasogea. Hapakuwa na kitu ila rangi. Lakini rangi ya hapo ilikuwa nyeupe kuliko ya kwingine.

"Jaza maji tangi lote," akasema Lwitiko. "Tulifunge kwenye pikapu yetu, lipande mlima ule pale, kisha lishuke mteremko wake. Likirudi, tutaongea."

"Mteremko wa nini, mzee? Barabara ya lami hii hapa, tambarare. Lijaribuni hapa."

"Tunakokaa hakuna tambarare."

Walivutana hivyo mpaka Zefania akakubali shingo upande. Sahani ya chuma ilipokwisha kufungwa kwenye bodi ya pikapu na tela likawa linaunganishwa, Lwitiko akamvuta Mama Sekela pembeni. Ila sauti yake haikuumbwa kwa siri.

"Shemeji, habari za tela hili alizileta nani? Mtu hampelekei mchuuzi mteja bure. Jiulize."

Asajile alikuwa amechuchumaa akikaza minyororo. Akasikia kila neno. Akasimama, akajifuta mikono kwa suruali.

"Dada, na wewe unaona hivyo?"

Mama Sekela alimtazama mdogo wake, akalitazama tela, akamtazama tena mdogo wake. "Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo," akasema Asajile. "Hujasema kitu." Akatoa funguo mfukoni. "Asipande mtu. Na mtoto msimweke karibu na njia."

Akaondoka peke yake.

Kupanda alipanda bila tabu. Alipogeuza kule juu na kuanza kushuka, maji yakasukumana ndani ya tangi, na Asajile akahisi kitu kiunoni. Kilikuwa kishindo kidogo cha kitu kinachocheza, kama jino lililolegea ulimi unapoligusa. Dereva mwingine angekanyaga breki. Asajile alijua kwamba akikanyaga, uzito wote utakuja mbele, na kile kilicholegea kitavunjika, na ile nyumba itamlalia kichwani. Basi aliacha breki. Akaweka gia ndogo, akaiacha pikapu ingurume, akashikilia usukani kwa mikono miwili. Kwenye kona ya chini palikuwa na njia ya udongo inayopanda kuelekea shamba la viazi. Akaigeukia taratibu, mlima ukaanza kumpunguzia mwendo, na tela likasimama lenyewe katikati ya matuta.

Walimkuta ameketi kwenye tuta, ameshika magoti. Walipokwenda kutazama shingo ya tela, ile rangi nyeupe zaidi ilikuwa imepasuka, na chuma chini yake kilikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Ulikuwa ufa wa zamani, umejaa kutu, umezibwa juu juu na kupakwa rangi.

Mama Sekela alikaa chini pale pale. Mpango wake ulikuwa kulipia asubuhi ile na kuondoka nalo moja kwa moja kwenda Chunya, wote ndani ya pikapu, mtoto akiwa mapajani mwake kiti cha mbele.

Zefania alifika akihema. Alipoona wameshauona ufa, ile sauti ya kubembeleza wagonjwa ilimtoka.

"Mnanitazama mimi? Mtazameni dereva wenu! Muulizeni tuliongea nini mwezi jana!"

Wote wakamgeukia Asajile.

"Alinitajia posho," akasema Asajile. "Nikileta mteja, nitapata. Sikumjibu ndiyo, wala sikumjibu hapana. Habari za ufa sikuzijua. Ningezijua, dada, ningekaa mimi kwenye kiti kile?"

Wakafungua tela, wakaliacha kwenye viazi vya watu, Zefania akaelewane na mwenye shamba. Wakarudi na pikapu, mtoto akikohoa njia nzima.

Miezi ilipita. Wakati wa kiangazi walipata tela jingine kule Makambako, la mpima barabara mmoja aliyemaliza kazi yake. Lilikuwa dogo kuliko la Zefania, la zamani, rangi yake imebabuka, lakini nalo lilikuwa la shingo, la kukaa juu ya bodi. Gwantwa alilinusa kila kona. Lwitiko alimuuliza mwenye tela maswali mpaka mtu wa watu akaomba aachwe ale. Asajile aliteremka nalo mlima mara mbili, akarudi akasema, "Hili linasimama." Wakalinunua. Yote aliyoyasema Lwitiko yalitokea: magunia yanalala ndani, matawi yanakwaruza paa, na kwenye kona mbaya mtu hushuka kuongoza. Lakini masika ilipokuja, hakuna aliyelowa.

Chini wanalala watu kwa kubanana na masufuria. Juu, kwenye ile shingo, kuna chumba kimoja, kikavu, chenye mlango wake. Mama Sekela hakukitaka. Alisema, "Mimi nimezoea kulala karibu na jiko. Chumba cha juu ni cha aliyeniokoa Uyole. Basi ajitaje."

Gwantwa akasema, "Ni mimi. Nisingenusa, ungelipa kabla chai haijapoa, na hao wawili wasingepata nafasi ya kufungua mdomo. Na mtoto wangu anakohoa."

Lwitiko akasema, "Ni mimi. Wewe ulinusa, kisha ukataka tununue na uvundo wake. Nisingedai mteremko, mngeukuta ufa ule mlimani Chunya, sote tukiwa ndani. Na mimi nyonga yangu haitaki tena kulala chini."

Mwisho Asajile akasema, "Nyinyi mlitoa maneno. Mimi nilitoa shingo yangu. Na nilikwenda mkiwa mmeshaniita mwizi."

"Sikukuita mwizi," akasema Lwitiko. "Niliuliza. Na jibu lilikuwepo."

Tangu siku hiyo hao wawili husalimiana kwa sababu ya Mama Sekela tu. Chumba amekifunga. Mimi nilipita kambini kwake mwezi uliopita, nikala wali wake na njegere, na nilipoomba kuonyeshwa chumba hicho, akanionyesha: kitandani kulikuwa na gunia la mchele. Akaniuliza, "Mwenzangu, ningefanyaje?" Nikajifanya nina tonge mdomoni.

Sasa nawaulizeni nyinyi, maana mimi nimeshindwa. Yupo aliyenusa hatari, kisha akataka kuifumbia macho kwa ajili ya mwanawe. Yupo aliyeshuku kila mtu, akaokoa watu na kuvunja undugu kwa kauli moja. Na yupo aliyeshuka mlima peke yake. Kama alishuka kwa sababu ya heshima au kwa sababu ya ile posho aliyoinyamazia, hajui mtu ila yeye. Chukua huu ufunguo, wewe uliyekaa hapo mbele unayetikisa kichwa. Ungemkabidhi nani?