Pete ya Chuma ya Mzee Mwandawiro

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, hii si hadithi ya sungura. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, kale ya gari moshi, kijiji kimoja kilikuwa na stesheni. Chumba kimoja, benchi moja, kengele moja. Siku ya gari hakuna aliyebaki nyumbani. Huyu na mayai ya kuchemsha, yule na mahindi ya kuchoma, na wasio na cha kuuza walikuja kutazama watu. Chaka-chaka, chaka-chaka, pooo! Raha iliyoje! Leo pale hulala mbuzi. Nikipita, roho inaniuma.

Mkubwa wa stesheni alikuwa Mzee Mwandawiro. Reli ilikuwa moja tu, magari ya kwenda na ya kurudi yakipita humo humo. Basi palikuwa na pete moja ya chuma, kubwa kama ungo, iliyosafiri na dereva kutoka stesheni hii hadi ile. Mwenye pete apite. Asiye na pete asubiri. Mzee hakuwa na neno jingine.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha, chwaa, chwaa, siku tisa. Barabara ikabebwa. Simu ikakatika. Binti wa Mzee, Wakesho, akashikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Mkunga akanawa mikono, akasema, "Huyu ni wa hospitali."

Hospitali ilikuwa mjini, mwendo wa saa moja kwa gari moshi. Na gari lilikuwapo stesheni, moto unawaka, Wakesho amelazwa behewani. Lakini pete ilikuwa upande wa mjini. Gari la kutoka huko lilipaswa kuileta asubuhi. Saa sita mchana, halijaja.

"Mzee, nipe ruhusa," dereva akasema. "Hilo gari limeshindwa kuondoka. Njia ni tupu."

"Pete haijaja."

Mkwewe akapiga magoti matopeni. "Baba, ni Wakesho!"

"Namjua. Nimemzaa mimi. Pete haijaja."

Mzee akainama, akaweka sikio kwenye reli. Kimya. Watu wakapiga kelele, "Umesikia mwenyewe! Hakuna kitu!"

"Sikio langu linaweza kukosea," akasema. "Pete haikosei."

Saa saba. Kimya. Saa nane. Wakesho akaita, "Baba!" Mzee akaingia behewani, akamshika mkono. Wakesho akaita tena, kwa sauti ndogo. Saa tisa hakuita.

Ndipo reli ikaanza kulia. Tiii... tiii... Chaka-chaka, chaka-chaka, pooo! Gari likatokea kwenye kona. Lilikuwa limezuiwa na udongo ulioporomoka, na abiria wenyewe walishuka wakauzoa kwa mikono. Lile la huku lingeondoka, yangevaana pale pale. Abiria tele wakachungulia madirishani, matope hadi viwikoni, wanacheka.

"Jamani, mbona mnalia?"



Mzee akapokea pete, akampa dereva. "Sasa njia ni yako," akasema. Dereva akaishika, asijue aipeleke wapi.

Mama Wakesho hakumsemesha mumewe tena. Kila mchana alimletea chakula stesheni, akakiweka benchini, akaenda zake. Miaka kumi na mmoja. Mzee akafa hajaisikia sauti ya mkewe. Msiniulize kama alikosea. Nimejiuliza mpaka nimezeeka.

Maana katika gari lile alikuwamo mwanamke mwenye kikapu cha nyanya, na mtoto mgongoni. Mwanamke yule ni mama yangu. Mtoto ni mimi.

Basi jueni, wajukuu zangu: anayewalinda wengi hulia peke yake. Mkipita pale penye mbuzi, mwamkieni Mzee, mseme na jina la Wakesho.

Hadithi yangu imefika mwisho wa reli. Shukeni.