Sahani ya Bwana

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya kutunza nyumba isiyokuwa yake. Aliitwa Sidonia, na nyumba yenyewe ilikuwa juu ya kilima, katika kisiwa kidogo ambacho ukikohoa upande huu unapewa pole upande wa pili. Tangu enzi za bibi zake, mabwana wawili wa ng'ambo waliigombania nyumba hiyo. Leo huyu kaitwaa, kesho yule kampokonya, na kila aliyeingia alibadilisha jina la nyumba na kuwafunza watumishi salamu mpya. Wapishi hawakuulizwa neno. Mwishowe mmoja akashinda, akakaa.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake: jikoni hakuliwi mpaka sahani ya bwana irudi. Naye bwana alikula taratibu, anasoma, anasinzia, anavuta kiko chake, na huku shelisheli na samaki wa watumishi wanapoa sufuriani. Mama yake Sidonia alipika humo tangu usichana wake mpaka mgongo ukapinda, na siku ya kufa kwake hakuomba makubwa. Alisema laiti angekula cha moto, hata mara moja tu. Sidonia akamshika mkono, akamwahidi kwamba wajukuu wake watakula cha moto, tena ndani ya nyumba ile ile. Ahadi hiyo ikamkaa moyoni miaka yote.

Bwana akazeeka, mashamba yake ya miwa yakaacha kumpa faida, na nyumba ikaanza kumlemea. Sidonia na wenzake nao walikuwa wamechoka kunyenyekea; wakagoma, jiko likalala bila moto. Ndipo bwana akaanza kuachia funguo, lakini kwa kujivuta. Kwanza akatoa wa jiko, baadaye wa ghala, kisha wa vyumba. Wa geti akaung'ang'ania, eti wao hawajui nani wa kumkaribisha na nani wa kumfukuza. Lo, watu waliomfungulia yeye geti hilo maisha yao yote! Wakadai mpaka akautoa na huo, akapanda meli, akaenda zake. Sidonia akatundika mlangoni kitambaa chake mwenyewe, cha rangi alizozichagua yeye, na kilima kizima kikacheza ngoma hadi miguu ikavimba.

Kesho yake akapika. Akapakua sahani ya kwanza, akaipeleka mezani, akaiweka mbele ya kile kiti kikubwa kisichokuwa na mtu. Kisha akarudi jikoni kwa wanawe, akaketi nao kungoja.

Msimcheke. Mikono yake ilifundishwa hivyo kabla ulimi wake haujajua kukataa. Tena aliogopa. Siku ya kuondoka bwana alimwambia kwamba nyumba hii itawashinda, na maneno hayo yalimrudia kila paa lilipovuja. Kimbunga kikaja, kikang'oa baraza lote. Wakalijenga upya wenyewe, imara kuliko lile la kwanza, na jioni yake sahani ikaenda mezani vile vile, na chakula kikapoa.

Siku moja binti yake Eulalia, ambaye sasa naye alikuwa mama mwenye mtoto wa kunyonya, akachoka kungoja. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mama, funguo zote unazo wewe. Tunamngoja nani?"

Sidonia akainuka pale jikoni. Akamkumbuka marehemu mama yake, na aibu ikamshika, na uchungu pia, maana ahadi ile ilikuwa mikononi mwake siku zote hizo na hakuitimiza. Akaenda mezani, akakivuta kiti, akakaa. Kumbe kilikuwa kiti cha mbao tu, mguu mmoja mfupi. Akawaita wanawe wote waje waketi. Tonge la kwanza lilimuunguza ulimi, machozi yakamtoka, lakini hakulitema. Wengine pale mezani wakanung'unika kwamba wao wamezoea cha baridi. Akawaambia wapulize, watazoea na hiki.

Nanyi ndugu zangu, mlioachiwa funguo siku nyingi: hicho chakula chenu mnampozea nani?