Jina la Nyuma ya Machimbo

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo, maana kisa hiki kinatafuta mwamuzi na waliokuwapo walishindwa. Palikuwa na watu watatu. Mmoja alikuwa na ardhi, wa pili alikuwa na mdomo, na wa tatu alikuwa na kaburi.

Mwenye ardhi ni Mzee Meitamei, mfugaji, mkali kwa wanawe na mpole kwa ndama. Mwenye mdomo ni Mutinda, muuza maji, ambaye punda wake alivuta mkokoteni wa mitungi mlango hadi mlango, naye Mutinda akimimina maji na maneno kwa pamoja. Mwenye kaburi ni Nafuna, fundi cherehani, mjane. Kisa kinapoanza hakuwa na kaburi lolote. Alikuwa na binti mdogo, Nelima, aliyependa kukimbia kwenye matope akiwa amevaa malapa makubwa ya mama yake.

Waliishi pembeni mwa mji wa Olmesuti, mahali palipoitwa Nyuma ya Machimbo kwa sababu hakuna aliyejisumbua kupatafutia jina. Mji ulikuwa ukitambaa. Leo mbuzi wanakula majani, baada ya muda pana nyumba za mabati, ukija tena pana ghorofa. Wageni walimiminika kutoka pande zote za nchi. Lakini wanasiasa wa kaunti ile waliendelea kuomba kura palepale baba zao walipoziombea, kwenye mnada wa ng'ombe. Ukiwauliza habari za Nyuma ya Machimbo, walicheka tu.

"Wale ni wapita njia. Wanalala hapa, wanapigia kura kwao, wanazikwa kwao."

Na hawakuwa wamesema uongo. Kila uchaguzi wageni walifunga milango wakapanda mabasi kwenda makwao kupiga kura. Kila msiba walichanga nauli ya maiti. Kwa hiyo bomba la maji halikufika, na barabara haikufika.

Mvua za masika zikaja, Nelima akashikwa na homa. Gari la kumpeleka hospitali likakwama kwenye udongo mweusi. Nafuna akambeba mgongoni, akatembea, akiongea naye njia nzima ili asisinzie. Alipofika kwenye lami ndipo alipogundua kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiongea peke yake.

Majirani wakaanza kuchanga nauli. Nafuna akawarudishia.

"Simpeleki popote," alisema. "Nikimwondoa hapa, hata ile njia itasahau ilichofanya."

Baba mkwe wake alipiga simu kutoka nyumbani. "Nafuna, mtoto anazikwa kwao. Ukimwacha ugenini, atakuwa anarudi mlangoni kuuliza njia."

"Baba, hapa ndipo alipojifunza kutembea. Hajui njia nyingine."

Simu ikakatwa, na watu wa kule hawakumpigia tena.

Sasa mpangaji wa chumba kimoja atamzika mtoto wapi? Hapo ndipo alipotokea Mzee Meitamei. Watu wake zamani hawakuwa wakichimba makaburi, na yeye mwenyewe hakupenda hata kulikaribia shimo. Tena kipande cha mwisho cha malisho yake, wanawe walikuwa wameshakitafutia mnunuzi. Alisimama mbali kidogo na jeneza, fimbo mkononi.

"Sisi hatukuchimba," alimwambia Nafuna. "Lakini mtoto halali nje na mvua hii."

Akakitoa kile kipande, kwa Nelima na kwa wafu wote wa mtaa watakaofuata. Wanawe walihama siku hiyohiyo. Tangu hapo, wakikutana naye njiani, hawamwamkii.

Mutinda siku ya maziko hakusema neno, watu wakadhani anaumwa. Kesho yake alianza. Kila mlango aliposhusha mtungi, aliuliza swali lilelile: "Nelima analala hapa. Kura yako inalala wapi?" Wengine walimfukuza. Wengine walibaki wamesimama, ndoo imejaa na inafurika miguuni. Mmoja mmoja wakaenda kuhamisha kura zao kutoka makwao.

"Mutinda, hawa watu wanataka bomba," Nafuna alimwambia. "Bomba likija, nani atakuhitaji? Unajikatia riziki."

"Najua, Mama Nelima. Hata punda amechoka."

Alicheka, lakini Nafuna aliona jinsi alivyompapasa yule punda shingoni.

Na Nafuna mwenyewe? Yeye alitoa nini tena baada ya kumtoa Nelima? Alitoa usingizi wake. Kila mvua iliponyesha alisikia malapa makubwa yakipiga matope, yakija, yakisimama mlangoni. Alifungua. Hapakuwa na mtu. Bibi yake alimkataza tangu utotoni kutaja jina la marehemu wakati wa mvua, maana atadhani anaitwa nyumbani. Basi Nafuna alifumba mdomo na kushona. Lakini mtaa mzima ulikuwa ukilitaja jina lile, masika na kiangazi, naye hakuwa na namna ya kuuziba mdomo wa mtaa. Aliogopa, na aliona aibu kumwogopa mtoto wake mwenyewe.

Siku ya uchaguzi mvua ilinyesha. Mabasi ya kwenda makwao yaliondoka na viti vitupu, na foleni Nyuma ya Machimbo ikazunguka kilima. Gavana aliyetegemea kura za mnada wa ng'ombe akaanguka. Watu walitoka nje kwenye mvua wakicheza na kupiga kelele, "Nelima! Nelima!" Nafuna alijifungia ndani na kuziba masikio. Tangu siku hiyo, anayetaka kuongoza kaunti ile huanzia Nyuma ya Machimbo, na wafugaji wamejikuta wachache kwenye nchi ya baba zao.

"Niliwapa ardhi," Mzee Meitamei aliwaambia majirani, "nanyi mkachukua nchi." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana waliinamisha vichwa.

Barabara ikaja. Maji yakaja. Mkokoteni wa Mutinda ukaegeshwa ukutani, kuku wakataga humo. Kisha mtaa ukafanywa wadi kamili, na wakubwa wakataka jina moja la kuandika kwenye ramani.

Watu wakakutana kanisani. Wa kwanza akasema iitwe Meitamei, maana bila ardhi yake pasingekuwa na kaburi, na bila kaburi nani angebaki? Huenda wanawe wakiliona jina la baba yao barabarani watarudi kumwamkia. Wa pili akasema iitwe Mutinda, maana kaburi halisemi, na mtu aliyetuletea maji kwa kujinyima riziki yake hawezi kuachiwa mkokoteni wa kuku. Wa tatu akasema iitwe Nelima, maana mama yake ndiye aliyekata njia ya kurudi nyuma, na mji huu unaomeza kila kitu hautathubutu kumeza kaburi la mtoto ambaye wadi inaitwa kwa jina lake.

Wakabishana, wakapiga kura, maana kura walikuwa wameshazizoea, nazo zikalingana. Mwishowe Mzee Meitamei akainuka. "Mimi na Mutinda tumekubaliana," alisema. "Mama Nelima ndiye aseme."

Nafuna akasimama. Aliwatazama wanaume wawili waliobaki mikono mitupu kwa ajili ya mtoto wake. Aliwaza makondakta wakiita Nelima mchana kutwa, wagombea wakiliimba jina lile majukwaani, masika baada ya masika, na mtoto akiinuka kila akiitwa. Akawaza pia jina likinyamaziwa, na siku moja tingatinga likifika malishoni, dereva asijue kuna nani chini.

Mvua ikaanza kupiga bati la kanisa. Nafuna akafungua mdomo, na hapohapo akasikia malapa makubwa yakija kwenye ile barabara mpya, hayapigi matope tena, yanapiga lami, mpaka yakasimama mlangoni.

Niambieni, nyote mlioketi hapa. Wote watatu walitoa, na wote watatu walibaki na pengo. Wadi ile iitwe kwa jina la nani? Na wewe ungekuwa Nafuna, mvua inanyesha na mlango uko wazi, ungelitaja jina gani?