Ua wa Bi Pimbi na Hatua za Kiboko

Jamani, hodi!

— Karibu!

Nimebeba uongo.

— Tukutue!

Ni mzito.

— Tuko wengi!

Haya, shikeni huku na huku, tuuteremshe polepole usije ukavunjika.

Palikuwa na Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama wa majabalini, mnene kidogo, mfupi sana, mkia hana, na ukimuuliza mkia wake ulikwenda wapi, anakuuliza wako uko wapi. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Mkubwa aliitwa Sikudhani, kwa hiyo majirani walimwita Mama Sikudhani.

Palikuwa na Kiboko. Kiboko sina haja ya kuwaeleza. Usipomwona, utamsikia.

Hawa wawili walilima pamoja kando ya mto Machemche. Shamba lenyewe lilizungukwa na majabali pande tatu, marefu, hayapandiki ila kwa pimbi. Upande wa nne, ule wa chini, ulikuwa mto. Wazazi wao waligawana zamani kwa amani: hatua arobaini za juu, kwenye majabali, za ukoo wa Kiboko. Hatua arobaini za chini, karibu na mto, za ukoo wa Pimbi. Katikati walipanga mstari wa mawe, basi, kila mtu akaujua.

Sasa, Kiboko alikaa mtoni. Kila akitaka kwenda shambani kwake, lazima apite kwa Bi Pimbi. Asubuhi anapanda, ndi! ndi! ndi! Jioni anashuka, ndi! ndi! ndi! Akipanda, mchicha unalala chini. Akishuka, boga moja halipo.

"Bwana Kiboko, boga langu!"

"Napita tu, Mama Sikudhani."

Kesho yake, ndi! ndi! ndi!

"Bwana Kiboko, boga langu la pili!"

"Napita tu, Mama Sikudhani."

Bi Pimbi alichoka. Maboga yale aliyapanda juu kabisa, karibu na mstari wa mawe, palipokuwa na udongo mzuri, na ndiyo yangekuwa chakula cha watoto wake kiangazi kizima. Watoto wanne, na kila mmoja ana tumbo lake. Hesabu ilikuwa rahisi: maboga yakiisha, wanahama au wanakufa njaa.

Lakini Bi Pimbi alikuwa na adabu. Hakuamka tu akachomeka miti. Alichemsha karanga, akazitia kwenye bakuli, akashuka mtoni kuzungumza na mwenzake.

"Jirani," alisema, "nimefikiri tuweke ua hapo mpakani. Sikutaka uuone tu umeota, nikasema nikuulize kwanza. Na tuache njia pembeni, upana utakaoutaka wewe, upite bila kusumbuka."

Kiboko alikula karanga. Halafu akala bakuli.

"Ua ni jambo jema," alisema huku akitafuna. "Lakini njia ya nini? Mimi huwa napita popote. Tangu nizaliwe sijawahi kuombewa njia."

"Basi ua tu."

"Ua tu. Lakini ua hauwekwi bila kupima, Mama Sikudhani. Yale mawe ya wazee siyaamini. Mwite Mjumbe."

Mjumbe alikuwa Korongo. Alikuja, akasimama kwa mguu mmoja, kama kawaida yake akiwa kazini.

"Mimi sina shamba hapa," alisema Korongo, "na miguu yangu haina upendeleo. Nitapima hatua arobaini za juu na arobaini za chini, tumalize."

"Hiyo si miguu, hizo ni fimbo!" Kiboko alifoka. "Shamba langu, mguu wangu. Hatua arobaini za Kiboko ni za Kiboko. Za Pimbi ni za Pimbi. Kila mtu kwa mwili wake!"

Alipofoka alifungua domo lote. Korongo alilitazama lile domo, akabadilisha mguu wa kusimamia.

"Bi Pimbi, unasemaje?"

Bi Pimbi alitaka kukataa. Angekataa kwa nguvu gani? Mjumbe mwenyewe ameshatishika. Akasema, kwa hasira tu, bila kuwa na mpango wowote: "Kama ni kila mtu kwa mwili wake, basi isiwe kwa hatua peke yake. Iwe kwa kila kipimo cha ua huu."

"Kwa kila kipimo!" alisema Kiboko.

"Nimeshuhudia," alisema Korongo.

Kiboko akaenda juu, akaweka makalio kwenye jabali, akaanza kuteremka. Na si kutembea kule mnakokujua. Alijivuta, akajitanua, akarusha mguu mbele mpaka tumbo likaburuzika chini. Moja, ndi! Mbili, ndi! Kwenye ishirini na tano akafika kwenye mawe ya wazee. Hakuyatazama. Thelathini, ndi! amekanyaga boga. Thelathini na tano, ndi! maboga yote yako nyuma yake. Arobaini, ndi! Mbele yake imebaki mchicha kidogo, halafu matete, halafu mto.

Bi Pimbi naye akahesabu zake kutoka mtoni. Chwa, chwa, chwa, chwa. Arobaini zikaishia penye kidole cha mguu wa Kiboko.

"Mnaona?" Kiboko alikenua meno. "Arobaini kwa arobaini. Tumelingana."

Siku hiyo Bi Pimbi alilia. Siwafichi, alilia mpaka kamasi. Sikudhani alikuja akakaa karibu naye.

"Mama, kiangazi tutakula nini?"

"Mchicha."

"Mchicha umekanyagwa, mama."

Asubuhi yake ujenzi ukaanza. Korongo alisoma masharti kwa kichwa: "Ua ni wa wote wawili. Kutoka jabali la kushoto hadi jabali la kulia. Kila mmoja ajenge pima kumi. Shimo la kila nguzo, mkono mmoja kwenda chini. Katikati ya nguzo, minyaa, ile miti ya utomvu."

Pima mnaijua: unanyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya kidole kile. Kiboko akalala kifudifudi kwenye jabali la kushoto, akanyoosha. Pima moja. Akajiburuza, akanyoosha. Pima mbili. Pima yake ya kumi ilipoisha, alikuwa amekaribia kugonga jabali la kulia. Bi Pimbi akanyoosha mikono yake kwenye nafasi iliyobaki: moja, mbili, tatu, nne, tano, akagusa jabali.

"Wewe zako tano tu!" Kiboko alilalamika.

"Jabali limenizuia, jirani. Mgombeze jabali."

Wakachimba. Mkono mmoja wa Bi Pimbi kwenda chini, kwaru, kwaru, tayari. Alimaliza mashimo yake yote kabla uji wake haujapoa. Mkono mmoja wa Kiboko kwenda chini, pu! pu! pu! ni kisima. Jua likapanda. Kiboko akatoka lile jasho lake jekundu, akawa kama aliyepakwa mawese. Pu! pu! pu! Bi Pimbi akamletea maji, kwa kuwa jirani ni jirani.

"Pumzika kidogo, Bwana Kiboko."

"Nipumzike, uje uibe maboga yangu? Nakujua wewe na watoto wako!"

Sasa ndipo Kiboko alipopata wasiwasi wa mwenye mali. Aliona maboga yale, akaona na pimbi watano wanayatazama, akachimba zaidi. Nguzo akazishindilia kwa makalio, ndi! ndi! Minyaa akaibananisha mpaka panya asingeingiza pua. Alifanya kazi nzuri sana. Sijaona ua mzuri kama ule, na mimi nimeona nyua nyingi.

Siku ya tatu, Kiboko alifunga kamba ya mwisho kwenye nguzo ya mwisho ya pima yake ya kumi, akarudi nyuma kuutazama ua wake. Bi Pimbi naye alikuwa amekaa anamtazama. Kiboko amesimama upande wa chini wa ua. Upande wa mtoni. Shamba lake liko upande wa pili. Bi Pimbi akatazama jabali la kushoto. Akatazama jabali la kulia. Akatazama majabali ya nyuma. Mwisho akatazama kile kipande chake cha pima tano, ambacho nguzo alishasimamisha lakini minyaa alikuwa bado hajapanda. Njia ya kwenda juu ilikuwa imebaki hapo tu.

"Bwana Kiboko," alisema kwa upole, "hapa kwangu niweke mlango?"

"Weka, weka. Mimi nimekufa kwa kuchoka."

"Niuweke wa kipimo gani?"

"Wewe mwanamke una masikio ya nini? Tumesema mara ngapi? Kila mtu kwa mwili wake!"

"Mjumbe, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Korongo, akabadilisha mguu.

Kiboko akaenda zake mtoni. Chubwi!

Bi Pimbi akajenga mlango. Alisimama katikati, akachomeka kijiti kulia kwa tumbo lake, akachomeka kijiti kushoto kwa tumbo lake, akaweka kingine juu ya masikio. Akapita. Akapitisha Sikudhani, akapitisha wa pili, wa tatu, wa nne. Palipobaki pote akapanda minyaa, safu nne nne.

Mvua zikaja. Kiboko hana habari, yuko mtoni anaogelea na kungoja maboga yake yakomae. Minyaa ikaota mizizi. Ikashikana, hata nguzo za Bi Pimbi zilizozikwa kidogo tu zikashikwa nayo. Ikapanda juu mpaka ukitaka kuona ng'ambo lazima uwe Korongo.

Mvua zikaisha. Kiboko akatoka majini na njaa ya wiki tatu. Ndi! ndi! ndi! Akapita juu ya mchicha wa Bi Pimbi. Ndi! ndi! Akasimama.

Akautazama mlango. Akainama, akaingiza pua. Ikaingia tundu moja. Tundu la pili likabaki nje.

"Mama Sikudhani!"

"Abee, jirani," sauti ikatoka ndani.

"Unafanya nini shambani kwangu?"

"Napalilia maboga yangu. Ardhi ni yako, lakini mbegu nilipanda mimi, na aliyepanda ndiye anayevuna. Muulize Mjumbe."

"Na huu ni mlango gani?"

"Wa kipimo ulichosema."

Kiboko akarudi nyuma, akaja kwa kasi, akaugonga ua kwa kichwa. Gu! Nguzo hazikutikisika. Zitikisike vipi, na zimezikwa kwenda chini mkono mzima wa Kiboko? Kilichovunjika ni matawi ya minyaa, na minyaa ikivunjika inatoa utomvu mweupe, na utomvu ukamwingia machoni.

"Yalaa! Yalaa! Mjumbe! Nimeuawa!"

Korongo akaja. Akazunguka, akachungulia juu ya ua, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule.

"Bwana Kiboko, hili shamba ni lako?"

"Ni langu!"

"Kuna mtu amekunyang'anya?"

"Hapana, lakini..."

"Hatua zako arobaini zimepungua?"

"Hazijapungua, lakini siwezi kuingia!"

"Kuingia hakukuwamo kwenye kipimo," alisema Korongo. "Nasikia uliambiwa habari ya njia. Ukasema wewe unapita popote. Basi pita."

Na kwa mara ya kwanza tangu awe Mjumbe, aliweka miguu yote miwili chini, akaondoka akitembea.

Kiboko akakaa chini. Macho yamevimba, machozi yanatiririka. Akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo:

"Mama Sikudhani, tuung'oe. Turudi kwenye mawe ya wazee."

"Ung'oe, jirani. Mimi sina kinyongo. Nguzo zako, mashimo yako."

Kiboko akazihesabu nguzo. Akakumbuka kila shimo. Akakumbuka lile jua.

"Basi nipe japo boga moja."

Bi Pimbi hakuwa na roho mbaya. Alichagua boga kubwa, la mwisho wa safu, watoto wanne wakasaidiana kulisukuma, bili, bili, bili, mpaka mlangoni. Likakwama. Wakaligeuza kwa ubavu. Likakwama. Kiboko nje ameshafungua domo, mate yanamdondoka.

"Pole, jirani," alisema Bi Pimbi. "Ardhi yako ina rutuba mno. Chukua majani."

Akampitishia majani ya maboga, fungu moja, halafu la pili. Kiboko akala. Na asante akasema, maana njaa ni njaa. Kiangazi chote Bi Pimbi na watoto wake walikula maboga, wakanenepa, mpaka Sikudhani akaanza kupita mlangoni kwa shida na ikabidi akatazwe kula jioni.

Nanyi mnataka funzo, najua. Hamwezi kulala bila funzo. Funzo ndilo hili: wenye miguu mirefu ndio wenye mashamba makubwa, kwa hiyo watoto, jitahidini mrefuke. Huyo anayecheka hapo nyuma atuambie, Kiboko alipata shamba au hakupata?

— Alipata!

Lote?

— Lote!

Basi mimi nimefunga mdomo, mwenye ufunguo aende nao nyumbani. Na mkimkuta Kiboko mchana amezama mtoni, macho tu ndiyo yako nje, msimsumbue. Anaangalia mali yake.